Saa 27 kwenye treni ya usiku na watoto watatu: uzoefu wangu

Kwa anayetaka jibu la haraka: vitanda ni vizuri, mashuka ni safi, na watoto walifurahia kuliko nilivyotegemea. Lakini kwenye treni ile kuna mlango mmoja ambao hadi leo nikifumba macho nauona, na huo ndio ulionifanya niandike.

Tulikuwa watu sita: mimi, baba watoto, mama mkwe wangu, na watoto wa miaka 11, 7 na 2. Ilikuwa likizo yetu ya kwanza ya pamoja tangu mdogo azaliwe. Tulichagua treni kwa ajili ya Mama. Basi la masafa marefu linamvimbisha miguu, ilhali kwenye treni mtu anasimama, anatembea koridoni, anajinyoosha, analala. Ratiba ilisema saa 20. Sisi tulitumia 27.

Tiketi tulikata wiki sita kabla. Vyumba vya daraja letu vina vitanda 4, na kwa kuwa mdogo analala na mimi, tulihitaji vitanda 5. Tukapewa chumba kimoja kizima, na kitanda cha tano kikawa kwenye behewa la mbele yetu. Dirishani waliniambia mambo hayo abiria huelewana wenyewe wakishaingia. Hawakuelewana. Kila mtu alikuwa na familia yake na mizigo yake, wala siwalaumu. Baba watoto akachukua kitanda cha peke yake, sisi wengine tukaingia chumbani.

Tulipaswa kuondoka saa 10 jioni, tukaondoka saa 12 na dakika 20. Jukwaani hapakuwa na tangazo hata moja. Abiria mmoja anasema kichwa cha treni kinabadilishwa, mwingine anasema tunasubiri treni ya mizigo ipite, na wewe umembeba mtoto wa miaka miwili anayelia joto. Maji yetu ya kunywa mengi yaliishia pale pale jukwaani, jambo ambalo sikulitilia maanani mpaka usiku.

Tulipoingia ndani roho zilitulia. Mhudumu wa behewa alileta mashuka na mablanketi yaliyokunjwa vizuri, akaonyesha watoto jinsi ya kushusha kitanda cha juu na kufunga mkanda wake ili mtu asidondoke. Taa ndogo ya kusomea iliwaka. Chumba chetu kilikuwa katikati ya behewa, na hapo namshauri kila mwenye watoto aombe hivyo hivyo, kwa sababu magurudumu yako kwenye ncha mbili za behewa na wanaolala juu yake husikia kila kiungo cha reli. Mdogo wetu alilala ndani ya robo saa. Mule ndani mtikisiko wa treni unabembeleza kuliko mgongo wa mama.

Kufikia saa 2 usiku bomba la choo lilikohoa mara mbili likakauka. Behewa hubeba maji yake lenyewe kwenye tangi, na tangi hujazwa kwenye stesheni kubwa kabla ya safari. Letu, kwa kukauka mapema hivyo, ni wazi halikujazwa vya kutosha. Na ndani ya chumba tulibakiwa na chupa moja yenye maji ya kuzidi kidogo nusu glasi. Mama hunywa dawa ya shinikizo la damu kila saa 3 usiku, na watoto wakubwa walishaanza kuuliza maji.

Saa 3 na dakika 10 tukasimama kwenye stesheni ndogo. Mhudumu alipita akisema, "Dakika ishirini hapa." Baba watoto, aliyekuwa amekuja kunisaidia kulaza watoto, akachukua chupa mbili tupu akashuka. Simu yake aliiacha inachaji kwenye meza yetu, maana soketi ya behewa lake haikuwa na umeme.

Hazikupita dakika nane. Mabehewa yakavutana moja baada ya jingine, ule mgongano unaoanzia mbele ukaja mpaka kwetu, na stesheni ikaanza kurudi nyuma. Honi sikuisikia. Huenda ilipigwa, lakini sisi hatukuisikia. Nilichomoza kichwa dirishani nikaona watu wanakimbia kandokando ya treni, mmoja amebeba ndoo, mwingine ameinua mikono, halafu taa ya mwisho ya jukwaa ikapita ikawa giza. Sikumwona.

Nikampigia. Simu yake ikatetemeka juu ya meza pembeni ya ile chupa, mbele ya macho ya binti yangu.

Nilimwambia Mama abaki na watoto, nikaenda behewa la mbele. Kitanda chake kilikuwa kitupu, begi limekaa juu ya shuka ambalo halijakunjuliwa. Nikageuka kwenda nyuma kwenye mabehewa ya daraja la tatu, maana kama alirukia treni ikiwa inaondoka, basi ameingilia huko. Ncha ya behewa letu kuna mlango wa chuma wenye kioo kidogo cha mraba. Nikasukuma. Umefungwa. Upande wetu hakuna kitasa, kuna tundu tu la ufunguo wa pembe nne ambao anao mhudumu. Na mhudumu hayupo kwenye kiti chake.

Nilipiga ule mlango kwa ngumi, nikapiga kwa kiatu. Pale kwenye kiungo cha mabehewa mawili magurudumu yanapiga kelele kiasi kwamba sikusikia hata sauti yangu mwenyewe. Kioo kilikuwa na vumbi upande wa pili, na nilichoona ni taa hafifu na kivuli cha bega la mtu aliyeketi sakafuni. Si bega la mume wangu.

Kando ya mlango huo upo mkono mwekundu wa breki ya dharura. Niliushika. Nasema kweli, niliushika mpaka nikahisi ubaridi wake kiganjani. Mzee mmoja wa chumba cha jirani alikuwa amenifuata, akasema kwa upole, "Mama, subiri kwanza. Ukivuta tutasimama, hilo halina shaka. Je, tutasimama wapi?"

Ni mstaafu wa reli, amekagua mabehewa miaka 31. Alinieleza pale pale, maneno machache. Breki za treni zinaendeshwa kwa hewa iliyomo kwenye bomba linalotoka kichwani hadi behewa la mwisho. Bomba likijaa, breki zinaachia. Hewa ikitoka, kila behewa linabana breki zake lenyewe. Ndiyo maana hata treni ikikatika katikati vipande vyote viwili husimama. Lakini kuondoka tena si papo hapo. Lazima bomba lijazwe upya na mkono uliovutwa utafutwe urudishwe, na wakati huo sisi tuko porini gizani kwenye njia moja, watu wanashuka kuangalia kuna nini. "Ungekuwa umemwona ameanguka, ningevuta mimi mwenyewe kabla yako," akasema. "Ila kama amebaki, yuko stesheni penye taa na watu. Na kama amepanda, yuko nyuma ya mlango huu. Ngoja nimtafute mkuu wa treni, ana redio."

Akaenda. Mimi nikarudi chumbani kwa sababu mvulana wangu alikuwa ameshaanza kulia. Mama alikuwa amemkalisha pajani akimwambia, "Baba yako ni mtu mzima, anajua njia." Mkono wake ulikuwa unatetemeka, na dawa alikuwa hajanywa. Nilimpa ile nusu glasi. Akataka kuwaachia watoto. Nikamwambia, "Mama, kunywa, nakuomba." Akanywa.

Baada ya dakika 40 mzee alirudi na habari: gadi wa behewa la nyuma amejibu kwenye redio, yupo mwanamume mwenye chupa mbili, mzima wa afya. Nililia mbele ya watu nisiowajua. Lakini mlango ulifunguliwa saa 4 na dakika 45, yaani zaidi ya saa nzima na nusu tangu ashuke, kwa sababu mwenye ufunguo alikuwa behewa la chakula na hakuna mwingine aliyekuwa na ufunguo wa namna ile upande wetu. Muda wote huo baba watoto alikuwa amesimama nyuma ya kioo kile kile, anagonga, hakuna anayemsikia. Yawezekana kuna dakika ambazo tulikuwa tunagonga wote wawili, mmoja huku, mwingine kule.

Nilimuuliza mhudumu kwa nini wanafunga. Akajibu ni wezi: usiku hupita behewa hadi behewa wakiokota mabegi. Naelewa. Nisingependa mtu apite chumbani kwangu nikiwa nimelala na watoto. Ila baba watoto aliponisimulia jinsi watu walivyojazana kule nyuma, wamekaa hadi kwenye kiungo cha mabehewa na mizigo imeziba njia, nilichofikiria ni moto. Tarehe 20 Februari 2002, nchini Misri, treni iliyotoka Cairo kwenda Luxor iliwaka moto karibu na Al Ayyat, ikaendelea kukimbia huku inaungua, na watu zaidi ya 350 wakafa. Wengi walikuwa wanakwenda makwao kula Idi na familia zao. Mabehewa yalikuwa yamefurika na madirisha yana nondo. Moto ukishaingia ndani ya behewa, njia ya kuponea ni kukimbilia behewa la pili, na njia hiyo ni mlango huo. Kama ni lazima ufungwe, basi akae mtu pale mwenye ufunguo usiku kucha, au uwekwe ufunguo ndani ya kisanduku cha kioo kinachovunjwa. Haiwezekani usalama wa begi langu ulindwe kwa kuhatarisha maisha ya mtu wa daraja la tatu.

Asubuhi ilikuwa nzuri, na ni haki niseme hivyo. Watoto walibandika nyuso dirishani tangu jua linachomoza. Lakini mchana tukaanza kwenda kwa mwendo wa baiskeli, tukasimama kwenye njia ya kupishania kwa muda wa karibu saa mbili tukingoja treni itokayo mbele, na tena hakuna aliyesema neno. Ni yule mzee aliyewaeleza watoto. Chuma kikipata joto hurefuka. Kilomita 1 ya reli ikiongezeka joto nyuzi 30 hutaka kurefuka kwa karibu sentimita 35, na isipopata pa kwenda inaweza kupinda, kwa hiyo madereva huamriwa kupunguza mwendo. Binti yangu alitoa rula yake ya shule, akapima sentimita 35 pembeni mwa kitanda, akaweka alama kwa kidole, akakaa anaiangalia. Baada ya hapo hakuuliza tena kwa nini tunakwenda polepole. Maelezo yale yalichukua dakika tatu tu. Kila koridoni kuna spika, na safari nzima sikusikia ikitoa sauti.

Nyumbani niliandika barua ya malalamiko, kurasa mbili, nikaeleza kuhusu maji, honi na mlango. Jibu lilikuja siku ya 19, la heshima, likisema wanasikitika kwa ucheleweshaji. Kuhusu mlango hawakugusa kitu. Usiku wa kwanza wa hoteli, ambao tulilipia na hatukuulala, ni hasara yetu. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya sheria inampa abiria haki ya kudai robo ya nauli treni ikichelewa kufika kwa dakika 60, na nusu ikifikia dakika 120, japo kuna sababu chache zisizohesabiwa. Sisi tulichelewa saa 7 na hatukurudishiwa chochote.

Kwa vitanda na usafi natoa nyota nne. Kwa wahudumu tatu, maana yule wetu alikuwa mwema lakini ameachiwa behewa zima peke yake. Kwa taarifa kwa abiria sitoi hata moja, na kwa usalama natoa moja, ya gadi aliyejibu redio.

Ukisafiri na familia kwa treni ya namna hii, beba maji ya safari nzima na ya saa saba zaidi. Lipia chumba cha pili kizima kama mmezidi idadi ya vitanda, ujirani wa kuahidiwa dirishani usiutegemee. Anayeshuka ashuke na simu yake, na asiende mbali na mlango wa behewa lake hata akiambiwa dakika 20. Sisi tuliandika namba ya behewa na ya chumba kwenye karatasi, kila mtoto akawa nayo mfukoni. Ilitakiwa na baba yao awe nayo.

Tulirudi kwa treni hiyo hiyo, maana tiketi zilikuwa za kwenda na kurudi. Kabla sijaweka mabegi chini nilikwenda ncha ya behewa nikasukuma mlango. Ulikuwa wazi, jua lilikuwa bado halijazama. Nikamtafuta mhudumu, si yule wa kwanza, nikamuuliza ukifungwa usiku ufunguo unakuwa kwa nani na yeye analala wapi. Akanitazama kidogo, akautoa mfukoni akanionyesha, kisha akanipeleka hadi kwenye mlango wa chumba chake.