Skyrim kwa jicho la fundi cherehani: wapita njia wamevaa nini kwenye theluji?

Mimi ni fundi cherehani, na gemu yoyote ninayocheza huanza kuiangalia kwenye nguo. Simwangalii shujaa, maana yeye nitamvika mwenyewe. Nawaangalia watu wa pembeni: muuza mboga, mlinzi wa lango, mama anayefagia kizingiti. Hao ndio wanaoniambia kama dunia hiyo inakaliwa na watu au imepangwa tu kama dirisha la duka.

Skyrim, gemu ya mazimwi inayochezwa katika nchi ya kubuni yenye theluji, ilitoka Novemba 2011 na nimeshaimaliza mara mbili. Safari hii nimerudi nikiwa nimewasha hali ya kunusurika, iliyoongezwa mwaka 2017. Ukiiwasha, njaa, uchovu na baridi vinaanza kukutafuna. Kila vazi linakuwa na kiwango chake cha joto. Baridi ikikuingia, sehemu ya mstari wako wa uhai inafungwa, na haifunguki mpaka upate joto. Huwezi tena kuruka kutoka mji hadi mji kwa kugusa ramani. Utatembea, utapanda farasi au utakodi mkokoteni, na theluji utaikuta njiani.

Niliipenda hali hii tangu saa ya kwanza. Kwa mara ya kwanza nilichagua nguo kwa kuangalia mawingu. Nilivaa manyoya kuanzia kichwani hadi miguuni, nikashika njia ya Windhelm, mji wa kaskazini mashariki ambako theluji haikauki. Hata hivyo nilifika nusu mtu.

Karibu na mji nikavamiwa na majambazi. Mmoja alikuwa na deraya ya manyoya ya ile aina inayofunika kifua kwa ukanda tu, tumbo wazi, mikono wazi mpaka begani. Mimi niliyejifunika kila mahali nilikuwa natetemeka, yeye anarusha shoka kama yuko ufukweni. Manyoya huhifadhi joto kwa sababu yanashika hewa karibu na mwili. Ukiyakata ukabakisha ukanda, ile hewa ya joto inatokea tumboni na kwapani, na ulichobaki nacho ni pambo. Fundi yeyote aliyewahi kushona koti analijua hilo.

Najua mashabiki wenzangu watanijibu kwamba watu wa kabila la Nord, wenyeji wa nchi hiyo, wamezaliwa na kinga ya baridi. Ni kweli, gemu inawapa asilimia 50. Basi ingia Windhelm kwenyewe, nenda mtaa wa Dunmer, wale wakimbizi wenye ngozi ya kijivu. Kinga yao wao ni ya moto, asilimia 50 vilevile, na kwenye baridi hawana cha kuwasaidia. Wamevaa nini? Zilezile nguo za wanakijiji wa kusini kwenye misitu ya majani. Nilisimama pale kwenye ngazi za mawe nikasikitika, kwa sababu hadithi yao yote ni ya watu waliotupwa mahali pasipowafaa, na nguo zingeweza kuisimulia bila neno hata moja. Kitambaa kizito kilichoshonewa juu ya kanzu nyepesi ya kwao kingetosha.

Kuhusu lile gauni la wahudumu wa nyumba za wageni, lililokatwa chini shingoni na kubanwa kiunoni, lawama yangu si ile iliyozoeleka, kwamba linaonyesha ngozi. Ndani kuna moto mkubwa katikati ya ukumbi, kwa hiyo baridi si hoja. Hoja ni kazi. Mtu anayeinama juu ya chungu siku nzima na kunyanyua ndoo anahitaji nafasi kwapani, kile kipande cha kikwapa kinachomwachia mkono upande juu bila kulivuta vazi zima. Anahitaji mkono wa nguo unaokunjika na aproni inayofika magotini. Gauni lile limebanwa pale pale ambapo mwili wa mfanyakazi unatanuka.

Nilipochunguza zaidi niligundua tatizo kubwa liko wapi. Si ngozi inayoonekana. Ni kwamba nguo za Skyrim ni kipande kimoja, kinachovaliwa mwilini kama ganda. Hakuna shati la ndani, hakuna koti la juu. Mwanamke akitoka jikoni kwenda sokoni hawezi kujitupia mtandio mabegani, kwa sababu mtandio haupo. Majoho ya mabegani nayo karibu hayapo, katika nchi ya barafu! Joto la mavazi linatokana na tabaka, shati la kitani chini, sufu juu yake, kitu cha kuzuia upepo juu ya vyote. Kingdom Come: Deliverance ya mwaka 2018 ililielewa hili. Si gemu ya mazimwi, inasimulia Bohemia ya mwaka 1403, lakini mchezaji anavaa nguo juu ya nguo, na wanakijiji wanafunika vichwa vyao na kuvaa kama watu wenye shamba la kulima kesho.

Nitaitetea Skyrim kidogo. Ilitengenezwa ili iendeshwe na Xbox 360 na PlayStation 3, mashine zenye kumbukumbu ya megabaiti 512. Kitambaa kinachoning'inia na kupepea kinailemea mashine, na pindo refu huishia kupenya kwenye miguu mtu anapotembea. Naelewa kwa nini majoho yaliachwa. Lakini mkono wa nguo uliobana mkononi haupepei. Shali fupi iliyofungwa kifuani haiyumbi. Hivyo vilikuwa ndani ya uwezo wa mwaka 2011, na walinzi wa miji wenye makoti yao yaliyojaa vizuri ni ushahidi.

Kilichoniuma zaidi ni Sofie. Ni yatima wa Windhelm anayeuza maua barabarani, aliyeletwa na nyongeza ya Hearthfire mwaka 2012. Watoto wa gemu hii wanagawana mavazi machache, kwa hiyo aliyelala nje kwenye theluji amevaa kama aliyelala kwa mama yake kwenye mji mwingine, Whiterun. Nyongeza hiyo inakuruhusu kumlea mtoto na kumpa zawadi ya nguo. Nilinunua nyumba, nikaongeza chumba cha mtoto, nikamchukua. Zawadi ya kwanza niliyompa ilikuwa nguo nyingine. Akaivaa, na nayo ilikuwa nyepesi vilevile. Nikamwacha karibu na moto.