Nilivyojifunza kuvaa ekso kwa miwani ya uhalisia pepe

Napakua makontena katika ghala moja hapa Louisville, Kentucky, huu mwaka wa sita. Mgongo ndio mtaji wangu. Tulipoambiwa tutapewa ekso, kile kiunzi cha kuvaa kinachosaidia kiuno unapoinama, nilifurahi sana. Niliposikia mafunzo yatakuwa ya miwani ya uhalisia pepe, ile inayokuonyesha picha za kompyuta kana kwamba umo ndani yake, nikaona tunapotezewa muda. Sasa nimebadili mawazo, ingawa si kwa yote.

Unavaa miwani, unashika rimoti mbili, na mara umo ndani ya ghala kama letu, lenye rafu, paleti na forklifti inayopita. Ekso imetundikwa mbele yako. Unaanza na mabegani kama begi la shule, unafunga kifuani, unamalizia na mikanda ya mapajani. Ukiruka hatua, programu haikuachii uendelee. Nilirudia mara tatu, na siku nilipoishika ya kweli mikono ilikuwa imeshazoea.

Kilichonikaa zaidi ni somo la kuinama. Pembeni unajiona kama kwenye kioo, misuli ya kiuno imechorwa, nayo inageuka kutoka kijani hadi nyekundu kadiri boksi linavyokuwa mbali na tumbo. "Beba karibu na mwili" nimeambiwa tangu siku ya kwanza kazini, lakini sababu yake niliiona siku hiyo. Kwa kanuni ya NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani ya usalama na afya kazini, mzigo usizidi kilo 23 hata mazingira yakiwa mazuri kabisa, nao uwe sentimita 25 tu mbele ya vifundo vya miguu. Ukiwa sentimita 50, kiwango kinashuka hadi nusu. Nusu nzima! Na mwalimu alisisitiza kwamba ekso si ruhusa ya kubeba kizito zaidi.

Yetu haina mota wala betri. Ni mikanda ya lastiki iliyopita mgongoni hadi mapajani: ukiinama inavutika, ukiinuka inakurudishia ile nguvu. Ina kitufe cha kuikaza na kuilegeza, na programu inakuzoeza kuilegeza kabla ya kukaa au kupanda forklifti. Kuna pia chumba cha kuonyesha aina nyingine, kama zile za mabega ambazo Ford ilizipeleka katika viwanda vyake 15 mwaka 2018 kwa wanaofunga nati mikono ikiwa juu ya kichwa. Kwa sisi wa kuinama hazina kazi.

Sasa kasoro. Boksi la kwenye miwani halina uzito. Unalinyanyua kwa mkono mmoja, umepinda kiuno, na mwili haukukemei. Halafu maelezo yalikuwa ya Kiingereza na Kihispania tu, wakati zamu yetu imejaa Wakongo. Nilisimama kando ya mzee mmoja wa Uvira nikimtafsiria.

"Mzee, funga mikanda ya mapaja."

"Mapaja gani, mwanangu? Huku ndani mimi sina miguu."

Na kweli, katika somo la kuvaa programu inakuonyesha mikono tu, mkanda unaelea hewani. Kwa hiyo hakuna anayejifunza pale mkanda ukazwe kiasi gani. Siku ya kwanza ya ekso halisi niliukaza mno, na kufika saa ya chakula paja la kulia lilikuwa limekufa ganzi.

Kizunguzungu nacho kipo, kwa kuwa macho yanaona unatembea na masikio ya ndani yanajua umesimama. Mimi kilinianza baada ya dakika kama 20. Omba kiti, na ukijisikia vibaya vua miwani mara moja, usijikaze.

Nilimwendea supavaiza nikamwomba watu wakitoka kwenye miwani wavae ekso halisi nusu saa, wabebe maboksi yenye uzito, na awepo mtu wa kuwakagua. Amekubali kwa kundi jipya, na yule mzee ndiye anayewapokea wanaozungumza Kiswahili. Anapitisha vidole viwili kati ya mkanda na paja la kila mmoja. Visipopita, anaulegeza mwenyewe.