Historia hai Marangu: Jumamosi nzuri huanza Jumatatu

Ziara za siku moja za historia ya Wachagga, zinazoendeshwa kila mwisho wa wiki na wenyeji wa Marangu na jirani yake Mamba, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, huuzwa kwa maneno yanayofanana: nyumba ya msonge, mahandaki, wahunzi, kahawa, mbege, maporomoko. Ukisoma matangazo yao utadhani zote ni moja. Ubora wao haufanani hata kidogo, na bei haikusaidii kujua ipi ni ipi. Kinachosaidia ni swali moja la simu kabla hujalipa, kuhusu mbege, pombe ya ndizi na ulezi: "Ndizi za mbege ya Jumamosi mmechemsha lini?"

Mwenyeji anayeijua kazi atakujibu kwa kutaja siku. "Ulezi tuliuloweka Jumapili, ndizi tukachemsha Jumatatu, tunachanganya Ijumaa jioni." Asiyeijua atakwambia "njooni tu, mbege ipo". Ipo kweli, imenunuliwa kilabuni asubuhi hiyo na kumiminwa kwenye kibuyu, nanyi mtaonyeshwa kibuyu.

Mbege ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote kwa sababu haiwezi kuharakishwa. Ndizi lazima ziwe zimeiva hasa, maganda yamelainika, maana ndizi changa bado ina wanga na haitoi sukari ya kutosha. Humenywa, huchemshwa kwa saa nyingi mpaka uji wake ugeuke rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, kisha huachwa kwenye pipa uchachuke wenyewe siku nne au tano. Juni na Julai, Marangu inapokuwa na baridi, siku huongezeka. Hiyo ndiyo nyalu. Pembeni kuna kazi ya ulezi: kuloweka, kuotesha gizani siku tatu hivi, kuanika, kusaga, kupika uji wa kimea unaoitwa mso. Uchungu hutoka kwenye magome ya msesewa yaliyokaushwa na kutwangwa, kwa kipimo kidogo. Nyalu ikichujwa na kuchanganywa na mso, kinywaji cha saa za mwanzo ni togwa, bado kitamu. Kikilala usiku mmoja ni mbege. Siku ya tatu kimeshakuwa kikali na chachu, na wengi hawakitaki tena.

Kwa hiyo mwenyeji bora huwa na vyombo vitatu mezani: nyalu ambayo bado inachachuka, togwa iliyochanganywa asubuhi, na mbege ya jana. Ukionja kwa mpangilio huo ndani ya robo saa unaelewa kazi ya wiki nzima. Huduma yenye vyombo vitatu inastahili fedha yake hata kama mambo mengine yamelegea. Yenye chombo kimoja ni kilabu chenye kiingilio.

Makosa ya upishi nayo yanaonekana. Mso ukimwagwa ungali moto sana, uchachu unakufa na mbege inabaki imepooza, tamu isiyo na nguvu. Ulezi ukianikwa nusunusu hushika ukungu, na harufu yake haifichiki. Sufuria iliyopikiwa mafuta huharibu pipa zima. Msesewa ukizidi, uchungu hukaa kooni na ladha ya ndizi hupotea. Mbege nzuri ni nzito kidogo, chembe za ulezi huzama chini, ndiyo maana mtu huitikisa kata kabla ya kunywa. Ukipewa kitu chepesi chenye povu jingi na hakuna chembe chini, uliza kama kimetiwa sukari na hamira. Waulize kwa heshima, watakwambia.

Nyumba ya msonge ina kipimo chake pia, na hapa huhitaji kuuliza mtu. Ingia, inua macho. Nyasi za ndani zikiwa nyeusi na kung'aa kwa masizi, moto unawashwa humo mara kwa mara. Zikiwa na rangi ya majivu, zina utando wa buibui na unga wa wadudu unaoanguka begani, hiyo ni nyumba ya kupigia picha. Moshi ndio ulioilinda nyumba ya zamani: hufukuza wadudu, hukausha unyevu, na dari iliyo juu ya mafiga ilikuwa ghala la kuni na ndizi. Nyumba isiyokokwa moto huoza, na gharama ya kuezeka upya ni kubwa kwa sababu nyasi zinazofaa hazipatikani tena kirahisi juu mlimani. Baadhi ya wenyeji wamekata tamaa wakaweka karatasi ya nailoni kati ya fito na nyasi. Inazuia mvua, lakini moshi haupenyi tena, nyasi za nje zinaoza haraka zaidi, na ndani panakuwa na joto la kubana. Hilo ni kosa, waambiwe.

Mpangilio wa ndani unapaswa kuonyeshwa kwa vitu halisi: upande wa ng'ombe na mbuzi, upande wa kulala watu, mafiga katikati. Ng'ombe alikaa ndani kwa ajili ya usalama na joto, na kwa sababu samadi yake ndiyo iliyolisha kihamba, shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Mwongoza wageni mzuri hatakuacha utoke nje kabla hajaunganisha mambo haya: samadi inaenda kwenye migomba, migomba inaipa kahawa kivuli, majani na vigogo vya migomba vinarudi kwa ng'ombe. Asipoeleza hivyo, msonge unabaki kibanda cha kushangaa.

Mahandaki ni sehemu inayovuta watu wengi na inayoandaliwa vibaya kuliko zote. Yalichimbwa kwa ajili ya kuficha watu na mifugo wakati wa vita, vya Wamasai na vya wamangi (watawala wa Kichagga) wenyewe kwa wenyewe. Mlango ni mwembamba kwa makusudi: adui aliingia akiwa ameinama, kichwa mbele, na mlinzi alimsubiri kwenye kona. Ndani kuna vyumba, sehemu za mifugo na matundu ya hewa. Kabla ya kuingia uliza kipi ni cha zamani na kipi kimejengwa upya, maana ngazi za saruji na kuta zilizosakafiwa zimewekwa miaka ya karibuni kwa usalama wa wageni. Hakuna ubaya wowote kwenye saruji. Ubaya ni kuambiwa kwamba ni ya mababu. Wasiingie zaidi ya watu watano au sita kwa wakati mmoja, hewa ni nzito na hakuna pa kupishana. Taa ya simu haitoshi, beba tochi. Mwenye tatizo la mgongo, pumu au hofu ya mahali pa kubana abaki juu, na mwenyeji awe na la kumwonyesha huko juu. Machi hadi Mei, masika yakishika, udongo wa mlangoni huwa utelezi mtupu. Mwenyeji anayekubali kufuta kituo hicho siku ya mvua anastahili kusifiwa, si kulalamikiwa.

Kwa wahunzi wa Mamba, nenda kabla ya saa sita. Mchana jua likiwa kali rangi ya chuma haionekani vizuri, na rangi ndiyo somo lenyewe. Mvukuto wa ngozi ya mbuzi hukandamizwa kwa zamu, mkono wa kulia na wa kushoto, ili upepo usikatike. Mkaa mgumu, chuma cha springi ya gari kuukuu, koleo, nyundo, fuawe. Chuma kikiwa chekundu cheusi ni mapema, ukikigonga kitapasuka. Kikiwa cha rangi ya chungwa kinafuata nyundo. Kikifika weupe na kutoa cheche kimeungua, na hakirudi. Kisu hutumbukizwa kwenye maji mwishoni kipate ugumu, kisha hupashwa tena kidogo ili kisivunjike kama kioo. Ukiona mtu anaruka hatua hiyo ya mwisho, usinunue kisu hicho. Zamani chuma ghafi kilitoka Upare, kwa wayeyushaji wa Ugweno, wahunzi wa Kilimanjaro wakakifua kuwa mikuki, majembe na kengele. Kipande hiki cha habari huachwa na karibu kila anayeongoza wageni, ilhali ndicho kinachoonyesha kwamba mlima haukuwahi kuishi peke yake.

Kituo hiki ndicho bora kuliko vyote kwa vijana wa shule. Wanaruhusiwa kushika mvukuto. Wavae viatu vya kufunika vidole.

Kahawa inategemea msimu na watu husahau. Mavuno Kilimanjaro huanza Julai hivi na kuendelea hadi Desemba. Ukifika Aprili hutachuma kitu, utaonyeshwa kahawa ya ganda iliyohifadhiwa, na si kosa la mwenyeji. Katika msimu, hatua kamili ni hizi: kuchuma buni nyekundu tupu, kukoboa kwa mashine ya mkono siku hiyo hiyo, kulowesha siku moja hadi tatu mpaka utelezi uachie, kuosha, kuanika mezani wiki moja na nusu au mbili. Kisha kinu na mchi vinaondoa ganda, ungo unapepeta, chungu kinakaanga. Hapo kwenye chungu ndipo wengi huharibu kwa kuongea na wageni badala ya kukoroga. Kahawa isiyokorogwa mfululizo huungua upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili, na kikombe kinakuwa na uchungu wa mkaa. Dakika 15 hadi 20 za moto wa wastani zinatosha. Iachwe ipoe kabla ya kutwangwa.

Mwongozaji makini hapa atagusa siasa ya kahawa pia: wakulima Wachagga waliungana katika KNPA, chama cha wakulima wa kahawa wenyeji wa Kilimanjaro, mwaka 1925 kulinda haki yao ya kulima zao ambalo walowezi walitaka liwe lao, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, ushirika ulioijenga Moshi. Ukisikia kahawa imeelezwa bila ushirika, umesikia nusu.

Maporomoko ni mazuri. Yape nusu saa.

Chakula cha mchana kiagizwe siku mbili kabla. Mtori hutaka ndizi mchare. Ndizi ya aina nyingine huwa na vigololi hata ukisonga saa nzima. Zikimenywa ziende moja kwa moja kwenye maji, zisiwe nyeusi. Nyama ichemke kwanza mpaka iachie mfupa, ndizi zifuate, zipondwe zikiwa moto. Kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, kinapatikana kwa wanaouliza, na ndicho kinachofaa kwa asiyekula nyama. Ndafu isahauni kama hamfiki watu kumi na tano. Kuchoma mbuzi mzima ni kazi ya tangu alfajiri na anayeahidi kukuandalia kwa saa mbili atakupa mbuzi mbichi mfupani.

Kuhusu usafiri, kutoka Moshi hadi Marangu Mtoni ni kilomita kama 40 kupitia Himo, daladala zipo siku nzima, ila vituo vyenyewe vimetawanyika kwenye vilima na mtahitaji gari au bodaboda. Kuwa Marangu Mtoni saa tatu asubuhi. Mpangilio unaofaa ni wahunzi, mahandaki, msonge, kahawa, chakula, na mbege mwisho kabisa. Wapo wanaoanza na mbege ili kuchangamsha kundi, halafu wanaliingiza handakini. Wakatalie.

Kwenye malipo, kero ni moja: kiingilio cha kila kituo hutozwa peke yake, na ada ya mwongozaji juu yake. Omba jumla moja kwa maandishi, yenye kuonyesha mhunzi anapata ngapi na mama anayepika mbege anapata ngapi. Yule mama ndiye aliyefanya kazi wiki nzima, na mara nyingi ndiye anayebaki na kidogo. Mkifika kwake msimwite "dada wa mbege". Ni Mama, na ukimshukuru kwa "aika mae" (kwa mwanaume ni "aika mbe") utaona anavyokaa chini kukueleza yale ambayo mwongozaji ameyaruka. Ukionyeshwa mmea wa msale mpakani au kaburini, usichume jani. Kwa Wachagga jani hilo hupelekwa kuomba msamaha, na halichezewi.

Jumapili ni siku tofauti. Kabla ya mchana hakuna mwenyeji atakayekuhudumia, yuko ibadani, na hiyo si kasoro. Afadhali uende naye. Kwenye sharika nyingi za Kilutheri, ibada ikiisha hufanyika mnada wa sadaka za mazao nje ya kanisa: mikungu, mayai, kuku, maziwa, miwa. Hakuna kiingilio, na ndiyo historia hai kuliko msonge wowote, kwa sababu hakuna anayemwigizia mtu. Bei hupanda kwa kuongezeana na kununuliana. Mtu hununua mkungu akampa bibi aliyeutoa, ukauzwa tena. Nenda na noti ndogo ndogo.

Mchana wake, kama mna gari, rudini kupitia Old Moshi kwenye mti aliponyongewa Mangi Meli na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine 18. Kama safari yenu inaweza kupangwa, ipangeni iangukie siku hiyo ya Machi, watu wanapokusanyika kuwakumbuka. Nendeni asubuhi, na mvae kama mnaokwenda msibani.