Nimelala suiti mbili za meli ya kitalii, na nitairudia ile ndogo

Safari yangu ya kwanza nilichukua suiti kubwa kuliko zote nilizoweza kumudu. Ilikuwa huko juu kabisa, kwenye omo, yaani mbele ya meli, na ukuta mzima wa mbele ulikuwa kioo. Ya pili nilichukua ndogo, katikati ya meli. Zote zilikuwa za siku 7. Hiyo ndogo ndiyo iliyonipa usingizi.

Kosa langu la mara ya kwanza lilikuwa kutazama picha na mita za mraba tu, ramani ya sitaha nisiiguse. Wanamaji wana msemo wao, tezi na omo marejeo ni ngamani, yaani uende nyuma au mbele ya meli, mwisho utarudi ngamani, ndani ya tumbo la meli. Mimi niliujua kama methali ya darasani, kumbe ningeusikiliza kama ushauri wa kuchagulia chumba. Bahari ikichafuka, katikati ya meli hutulia kiasi, lakini omo na tezi hupanda na kushuka. Tena kadiri unavyolala juu ndivyo unavyoyumba zaidi kulia na kushoto. Suiti yangu ilijaaliwa mambo yote mawili. Usiku wa pili meli ilikwenda mrama mpaka henga zikawa zinagongana kabatini, nami nimekaa kitako sakafuni nimekumbatia mguu wa kitanda cha kifahari. Vidonge vya kichefuchefu nilikuwa navyo, ila nilivimeza nikiwa nimeshaanza kutapika. Vimeze mapema, kabla tumbo halijaanza kulalamika.

Halafu ile roshani. Meli ya kitalii ikienda noti 20, ambayo ni karibu kilomita 37 kwa saa, upepo wote huo unakupiga usoni ukikaa roshani ya mbele, hata siku isiyo na upepo. Nilikaa pale nikapumzika bandarini tu. Na siku ya kwanza giza lilipoingia nilipigiwa simu kwa upole niteremshe mapazia, kwa sababu mwanga wa vyumba vya mbele huwasumbua macho maafisa wanaoongoza meli. Yaani ukuta wa kioo niliolipia, usiku unafunikwa.

Mara ya pili nilikaa na ramani kama mtu anayenunua kiwanja. Nilitafuta chumba ambacho juu yake kuna vyumba na chini yake kuna vyumba. Ukiwa chini ya sitaha ya bwawa, alfajiri utaamshwa na viti vinavyoburutwa. Ukiwa juu ya ukumbi wa maonyesho, ngoma zitakubembeleza mpaka usiku wa manane. Nilikagua pia kama kuna mlango unaounganisha chumba na cha jirani, maana mlango huo hupitisha kila neno, na kama mashua za uokozi zinaziba mandhari. Ukikuta bei ya "chumba chochote kitakachopatikana", jua kwamba umewaachia wao haya yote wakuchagulie. Mimi siwezi.

Sasa nije kwenye kile ambacho naona ndicho hasa unachokilipia. Sofa ya pili hutaikalia. Unalipia watu, na unalipia kutopanga foleni. Kampuni kadhaa zimewatengea wageni wa suiti eneo lao ndani ya meli: MSC wanaliita Yacht Club, Norwegian wanaliita The Haven, Celebrity wanaliita The Retreat. Kwa Cunard, wageni wa daraja la Grills wana migahawa yao wenyewe. Lakini neno suiti halina maana moja. Kuna suiti za daraja la mwanzo ambazo ni chumba cha kawaida kilichopanuliwa kidogo, bila ruhusa ya kuingia sebule ya wageni wa suiti wala mhudumu binafsi. Kabla ya kulipa nilimtaka wakala aniandikie nini kimo na nini hakimo, nikaishia kwenye suiti ndogo kuliko zote zenye huduma kamili. Hapo ndipo pesa yangu ilipofanya kazi.

Mhudumu binafsi wa safari ya kwanza nilimwonea haya siku nne nzima. Kila akiuliza kama kuna kitu, najibu hakuna, asante. Mara ya pili nilimweleza siku ile ile ya kupanda: kahawa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nguo mbili zipigwe pasi (pasi haziruhusiwi vyumbani, wala nyaya za kurefushia umeme), na matunda yasiletwe kwa sababu sitayala. Alifurahi. Mtu asiyeagizwa chochote hubaki anabahatisha. Nafasi za maonyesho na mikahawa ya kulipia nilimwachia afisa wa wageni wa suiti, pia siku ya kwanza, maana meza nzuri huisha upesi. Kuhusu bakshishi, meli nyingi huitoza kila siku kwenye akaunti yako. Uliza kama ya mhudumu wako imo humo.

Pale ambapo meli haifiki gatini, kama Santorini au Grand Cayman, abiria hushushwa kwa mashua ndogo, na hapo kipaumbele cha suiti utakiona kwa macho. Mimi nilipelekwa kwa ngazi za wafanyakazi moja kwa moja hadi kwenye mashua. Kurudi ni habari nyingine, foleni ya ufukweni haijui nani kalala wapi. Rudi mapema.

Zoezi la dharura halina suiti. Tangu ajali ya meli ya kitalii Costa Concordia mwaka 2012 sheria za kimataifa zimekazwa, na abiria wapya hufanya zoezi kabla ya meli kung'oa nanga au mara inapoondoka. Nenda, uone njia ya kufika kituo chako cha kukusanyikia kwa miguu, kwa sababu lifti hazitumiki wakati wa dharura, na ukilala sitaha za juu ngazi ni nyingi.

Jambo dogo, ila vidole vyako vitanishukuru: usifungue mlango wa roshani na wa ukumbini kwa wakati mmoja. Upepo utaufunga mmoja wao kwa kishindo.

Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango, unayakuta gatini kesho yake. Bakiza dawa, pasipoti, chaja na nguo za kuvaa asubuhi. Katika safari ya kwanza nilikumbuka vyote hivyo vinne. Viatu sikuvikumbuka. Niliahidiwa kusindikizwa na mtu hadi nje ya meli, na hilo walilitimiza vizuri sana: nilipitishwa mbele ya foleni nzima, kila mtu akinitazama, nimevaa suti na ndara nyeupe za chumbani.