Mhubiri au Charlotte? Filamu mbili za siri za ukoo

Jumamosi tutatundika shuka jeupe kiwandani, yaani uani, katika nyumba ya mawe ya bibi hapa Lamu, tutazame filamu. Zimebaki mbili, zote za Marekani, zote za rangi nyeusi na nyeupe.

The Night of the Hunter ni ya 1955. Robert Mitchum ni mhubiri wa uongo anayemwoa mjane akisaka dola 10,000 alizoficha marehemu mumewe. Wanaojua zilipo ni watoto wawili tu: zimo ndani ya mwanasesere. Ile safari yao ya usiku mtoni, mashua ikichukuliwa na maji, utando wa buibui na chura vikionekana vikubwa kuliko wao, hunitoa machozi kila mara. Sisi wa visiwani twakijua kimya kile. Charles Laughton hakuongoza filamu nyingine baada ya hiyo, na hilo bado linaniuma.

Hush...Hush, Sweet Charlotte, ya 1964, huzidi saa mbili. Bette Davis ni mwanamke wa Louisiana anayekataa kuhama nyumba ya baba yake ili barabara ipite, huku mji ukimshuku kwa mauaji ya 1927. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata ni watu wa nyumbani. Shangazi zangu wataipenda. Uchungu wa nyumba ya urithi wanaujua. Ila ina mkono uliokatwa, nao watoto watakuwepo.

Basi mhubiri aanze. Charlotte tutamtazama wakishalala.