Tathmini ya Azure Data Factory: Hatua ya Lookup na Kikomo cha Safu 5,000

Azure Data Factory, huduma ya Microsoft ya kuhamisha na kuunganisha data, hufanya vizuri kazi yake ya msingi, yaani kunakili majedwali makubwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, na kwa hilo naisifu bila kusita. Ninachokitathmini hapa ni hatua yake ya Lookup, inayosoma orodha kutoka hifadhidata au faili ili hatua zinazofuata ziitumie, kwa sababu ndiyo inayowaponza wengi.

Lookup hurejesha safu mlalo zisizozidi 5,000, na matokeo yake hayaruhusiwi kupita megabaiti 4. Vikomo hivi viwili havifanani tabia. Ukubwa ukizidi megabaiti 4, hatua hukwama na kutoa hitilafu, kwa hiyo msimamizi hujua papo hapo kwamba kuna jambo. Safu zikizidi 5,000, huduma huchukua 5,000 za kwanza, huziacha nyingine, kisha huandika kwamba kazi imefaulu. Tuseme muuzaji wa jumla ana wateja 7,200 wanaopaswa kupelekewa taarifa za madeni: wateja 2,200 hawataguswa, na hakuna alama nyekundu itakayoonekana popote. Kama hoja ya SQL, yaani ombi la kusoma data kutoka hifadhidata, haina ORDER BY (agizo la kupanga safu kwa utaratibu), hakuna hata uhakika kwamba watakaoachwa leo ndio watakaoachwa kesho. Huu ndio upungufu mkubwa kuliko wote, na naona Microsoft ingepaswa kuifanya hatua hiyo ikwame kikomo kinapovukwa, mpaka mtumiaji mwenyewe aseme kwamba amekubali orodha ikatwe.

Kinga ipo, ila ni ya kujijengea. Hesabu safu kwa COUNT kabla ya kusoma, kisha linganisha na thamani ya count iliyomo katika matokeo ya Lookup, na uisimamishe kazi namba zisipolingana. Orodha ikiwa ndefu, mkondo (pipeline, yaani mfululizo wa hatua) wa nje uigawe kwa vipande na kuita mkondo wa ndani kwa kila kipande, kwa kuwa ForEach, hatua inayorudia kazi kwa kila kipengele cha orodha, hairuhusiwi kukaa ndani ya ForEach nyingine. Angalia pia kisanduku cha kusoma safu ya kwanza tu, ambacho huja kikiwa kimewekwa tiki.

Kuhusu kasi, kosa linalojirudia ni kuiweka Lookup ndani ya ForEach ili itafute thamani ya kila rekodi, mfano bei ya kila bidhaa. ForEach huendesha mizunguko 20 kwa pamoja usipobadilisha kitu, na haivuki 50, huku muda wa kila hatua ukitozwa kwa dakika nzima hata kama utafutaji ulichukua sekunde mbili. Kwa rekodi elfu kumi, subira na gharama vyote vinapanda bila sababu. Majedwali yakiwa katika hifadhidata moja, JOIN (agizo la kuunganisha majedwali) ndani ya hoja ya chanzo, yenye faharasa kwenye safu wima ya kuunganishia, inashinda mbinu nyingine zote. Yakiwa mahali tofauti, tumia Lookup ya Mapping Data Flow, sehemu ya huduma hii ya kubadilisha data, ambayo licha ya jina lilelile ni kitu kingine kabisa: huunganisha seti mbili nzima juu ya Spark, injini inayochakata data kwenye mashine nyingi kwa pamoja, na haina kikomo cha safu 5,000. Klasta yake, yaani kundi la mashine hizo, huchukua dakika kadhaa kuwa tayari, na jedwali dogo likisambazwa kwenye kumbukumbu za mashine zote kazi huenda mbio. Likiwa kubwa mno, usambazaji hukatizwa baada ya sekunde 60 katika majaribio na 300 katika kazi kamili, na hapo ni heri kuuzima.

Kwa jedwali dogo la udhibiti, lenye majina ya majedwali ya kunakili au tarehe ya mwisho ya kusoma, hatua ya Lookup naipendekeza kwa moyo wote. Kwa orodha ya wateja, bidhaa au miamala, ambayo hukua kila mwezi, siipendekezi hata kama leo ina safu 800 tu.