Mashindano ya SAFF ya Wasichana wa Chini ya Miaka 19, Dhaka 2024: Soka Safi, Usimamizi Dhaifu

Mashindano ya wasichana wa chini ya miaka 19 ya Shirikisho la Soka la Asia Kusini, SAFF, yalichezwa Dhaka kuanzia tarehe 2 hadi 8 Februari 2024, yakizikutanisha Bangladesh, India, Nepal na Bhutan. Kila timu ilicheza na nyingine zote, kisha mbili za juu zikaingia fainali. Mechi zote zilipigwa kwenye nyasi bandia za uwanja mmoja, wa Mostafa Kamal ulioko Kamalapur. Ratiba ilikuwa ngumu mno kwa wachezaji wa umri huo, kwani waliofika fainali walicheza mechi nne ndani ya siku saba.

Kwa upande wa soka lenyewe, nayasifu bila kusita. India iliichapa Bhutan mabao 10-0 na Nepal 4-0, matokeo yanayoonyesha jinsi viwango vya ukanda huo vilivyotofautiana, lakini ilipokutana na wenyeji Bangladesh ilifungwa 1-0 kwa bao la Mosammat Sagorika lililopatikana mwishoni kabisa mwa mchezo. Bangladesh ilishinda mechi zake zote tatu za awali, na kilichonivutia zaidi kwake ni subira: haikupaparika hata muda ulipokuwa unayoyoma. Subira hiyo ilionekana tena kwenye fainali, ambapo Sibani Devi aliitanguliza India mapema, na Bangladesh ikasaka bao la kusawazisha hadi dakika za nyongeza, alipolifunga Sagorika yuleyule.

Ikaja mikwaju ya penalti. Wachezaji 22, makipa wakiwemo, walipiga na wote wakafunga, matokeo yakawa 11-11. Sijui ni mechi ngapi za wakubwa zilizowahi kuonyesha utulivu wa namna hiyo, na kwa wasichana wa umri ule, mbele ya mashabiki waliokuwa wakipiga kelele, lilikuwa jambo la kustahili heshima kubwa.

Hapo ndipo usimamizi ulipoharibu kila kitu. Sheria ya mchezo iko wazi: wachezaji wote wanaostahili wakishapiga, mzunguko unaanza upya, na wanaendelea hadi timu moja ikose na nyingine ifunge. Badala yake, kamishna wa mechi aliagiza sarafu irushwe, India ikapata na kutangazwa bingwa. Bangladesh ilipinga, na ilikuwa na haki ya kupinga. Chupa zikaanza kurushwa kutoka majukwaani, uamuzi ukabatilishwa, kisha timu zikatakiwa ziendelee na penalti. Wachezaji wa India, ambao walikuwa wamekwisha kushangilia ubingwa, waliondoka uwanjani na kukataa kurudi. Baada ya kusubiri kwa muda mrefu, nchi hizo mbili zikatangazwa mabingwa wa pamoja.

Kurusha sarafu kuliwahi kuwa utaratibu halali. Italia iliitoa Umoja wa Kisovieti kwa njia hiyo kwenye nusu fainali ya Ulaya ya mwaka 1968, na ni kwa sababu watu waliona uchungu wa mshindi kupatikana kwa bahati nasibu ndipo mikwaju ya penalti ilipoingizwa kwenye sheria mwaka 1970. Ofisa anayepewa dhamana ya fainali ya kimataifa, hata iwe ya vijana, anapaswa kulijua hilo kabla hajaingia uwanjani, na simlaumu hata kidogo msichana yeyote wa timu yoyote kwa yaliyotokea. Suluhu ya kugawana kombe ilituliza hali, lakini iliwanyima wote nafasi ya kumaliza kazi waliyoianza kwa ustadi mkubwa.

Kwa mtazamo wangu, timu nne zinatosha kucheza ligi ya mikondo miwili bila fainali, ili ubingwa uamuliwe na pointi. Mwaka 2025, mashindano ya SAFF ya chini ya miaka 20 yalirudi Dhaka yakiwa na muundo huo wa ligi ya mikondo miwili bila fainali, safari hii India ikiwa haimo na Sri Lanka ikiwemo. Bangladesh ilitwaa kombe peke yake, na katika ushindi wa 4-0 dhidi ya Nepal siku ya mwisho, mabao yote manne yalifungwa na Sagorika.